Nani Aliyehesabiwa Kuwa Hajui Kusoma? Kisomo cha Watu Wazima Tanzania na kwa Majirani Zake

Mwezi Agosti mwaka 1975 serikali ya Tanzania iliwatahini watu wazima wa nchi nzima. Wakulima, wavuvi, wafugaji, akina mama wenye watoto mgongoni na wazee wenye mikongojo waliketi madarasani, chini ya miti na popote palipokuwa na nafasi, wakapewa karatasi na penseli. Waliokuwa wamejiandikisha katika madarasa ya kisomo walizidi milioni 5, na waliofika kufanya mtihani walikuwa takriban milioni 3.8. Matokeo yalipokwisha kujumlishwa ilitangazwa kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, ambao wakati wa sensa ya mwaka 1967 walikuwa asilimia 67, sasa walikuwa wamebaki asilimia 39.

Takwimu hizi zimenukuliwa mara nyingi, na sina nia ya kuzisifu wala kuzibomoa. Swali langu ni jingine. Serikali inapolipia kisomo, yaani vitabu, ubao, chaki, taa ya karabai na posho ya mwalimu, ni lazima iamue ni nani anayestahili kukipata na ni lini anaacha kustahili. Mstari huo huchorwa na mtu aliyeketi ofisini. Nataka kueleza ulichorwa wapi, kwa kipimo gani, na ulimpa au kumnyima nini yule aliyeangukia upande mmoja au mwingine.

Mimi ni Mganda kutoka Busoga, na Kiswahili nimejifunza ukubwani. Kwetu lugha hii ilikuwa kwa muda mrefu lugha ya kambi za jeshi na stendi za mabasi, kwa hiyo nilipoanza masomo ya chuo sikuwa na msamiati wa kutosha hata wa kuombea chumvi. Pengine ndiyo sababu neno "ngumbaru" lilinivutia mara ya kwanza nilipolikuta. Ngumbaru ni mtu mzima anayejifunza kusoma, na shule ya ngumbaru ni darasa lake. Rafiki zangu Watanzania hulitamka wakicheka. Nami nilikuwa na miaka ishirini, nikihangaika na ngeli za nomino, kwa hiyo sikuliona kuwa neno la kuchekesha sana.

Tuanze na miaka ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1964, akiuwasilisha Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Rais Julius Nyerere alieleza kwamba lazima watu wazima waelimishwe kwanza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtoto anayeingia darasa la kwanza leo hataleta mabadiliko katika uchumi kabla ya miaka mingi kupita, lakini baba na mama yake wanalima sasa hivi, wanapiga kura sasa hivi, na ndio wanaoamua kama mtoto huyo atakwenda shule. Kusema hivyo ilikuwa rahisi kuliko kutenda. Fedha zilikuwa chache, walimu walikuwa wachache, na madarasa ya watu wazima yaliyokuwapo chini ya idara ya maendeleo ya jamii yalitegemea sana watu wa kujitolea.

Fedha zilikuja kwa mlango mwingine. Mwezi Septemba 1965 mawaziri wa elimu wa nchi nyingi walikutana Tehran, Iran, chini ya UNESCO, kujadili namna ya kufuta ujinga wa kusoma duniani. Tarehe 8 Septemba, siku mkutano ulipofunguliwa, ndiyo tunayoiadhimisha mpaka leo kama Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Wengi tunaiadhimisha bila kujua kwamba wazo lililotoka katika mkutano ule halikuwa la kumfundisha kila mtu. Wafadhili waliona kampeni za kufundisha taifa zima zinakula fedha nyingi na matunda yake hayaonekani. Wakapendekeza kuchagua. Kisomo kipelekwe kwanza mahali ambapo uchumi unakua, kwa watu ambao wakijua kusoma watazalisha zaidi, na kifungwe pamoja na kazi yao. Hicho ndicho kilichokuja kuitwa kwa Kiswahili kisomo chenye manufaa. Nchi 11 zilichaguliwa kufanya majaribio, na Tanzania ilikuwa mojawapo pamoja na Mali, Iran, Ecuador, Ethiopia na nyinginezo.

Kwa Tanzania majaribio hayo yalianza mwaka 1968 katika mikoa minne iliyozunguka Ziwa Viktoria: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Na kwa nini kanda ya ziwa? Kwa sababu ya pamba. Usukuma ulikuwa ndio ghala la pamba la nchi, na pamba ilikuwa fedha za kigeni. Ukisoma kwa kufuata mantiki ya Tehran, mtu aliyestahili kisomo kuliko wote alikuwa mkulima wa pamba wa Usukuma, mwenye umri wa kufanya kazi, anayeweza kusomeshwa wakati wa kupanda, kupalilia, kunyunyiza dawa na kuchuma. Vitabu vya kwanza vilitungwa hivyo. Mtu wa pwani ya ziwa alipata kitabu cha uvuvi, mtu wa Bukoba kitabu cha migomba, mfugaji kitabu cha ng'ombe, na Msukuma kitabu cha pamba. Herufi zilifundishwa kwa maneno ya shambani.

Nataka kukaa kidogo kwenye pamba, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha kwamba wananchi wenyewe walikuwa na sababu zao za kutaka kisomo, na hazikufanana kabisa na sababu za wafadhili. Kwetu Busoga pamba ililimwa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na kila mzee anayeikumbuka huikumbuka kwa mizani. Mkulima alifika na gunia lake, mnunuzi akalitundika, akasoma namba, akataja bei. Asiyejua namba hakuwa na la kusema. Upande wa Usukuma malalamiko ya aina hiyo hiyo juu ya mizani na bei ndiyo yaliyowasukuma wakulima kuunda vyama vyao vya ushirika katika miaka ya 1950, hadi kikapatikana chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions kikiongozwa na Paul Bomani, kilichohesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kwa hiyo UNESCO ilipofika Mwanza na kitabu cha pamba, ilikuta watu waliokwisha kupigana miaka kumi na mitano juu ya hesabu. Wafadhili walitaka mkulima asome maelekezo ya dawa ili avune zaidi. Mkulima alitaka kujua kama karani wa mizani anamwibia. Kitabu kilikuwa kimoja, shabaha zilikuwa mbili.

Halafu likatokea jambo ambalo mipango haikulitazamia. Waliojaa madarasani walikuwa wanawake. Katika madarasa ya kisomo Tanzania wanawake walizidi wanaume tangu mapema, na hali imekuwa hivyo hivyo Kenya na Uganda. Ukifikiri kidogo hutashangaa. Shule za ukoloni na za misheni ziliwachukua wavulana kwanza, kwa hiyo wasichana walioachwa katika miaka ya 1930 na 1940 ndio waliokuwa akina mama wasiojua kusoma katika miaka ya 1960. Lakini mradi ulimtafuta mzalishaji wa pamba, na katika mawazo ya wataalamu mzalishaji alikuwa mwanamume mwenye jina lake katika daftari la ushirika. Mke wake, aliyepalilia shamba lile lile, hakuonekana katika daftari. Aliposogea darasani ilibidi atafutiwe kitabu. Akapewa cha maarifa ya nyumbani: lishe, usafi, malezi. Sisemi kitabu hicho kilikuwa kibaya, na akina mama wengi walikipenda. Nasema tu kwamba mwanamke aliyetoka shambani asubuhi, mikono ikiwa na vumbi la pamba, jioni alifundishwa kana kwamba kazi yake inaanza na kuishia jikoni.

Serikali ya Tanzania haikuridhika na kuchagua. Kwa siasa iliyotangazwa Arusha mwaka 1967 ilikuwa vigumu kueleza kwa nini mwananchi wa Mwanza asomeshwe na wa Lindi asisomeshwe kwa sababu tu halimi zao linalouzwa nje. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga kwanza, miongoni mwake zikiwa Mafia, Ukerewe na Kilimanjaro. Tazama jinsi kipimo kilivyobadilika: mtu alistahili kwa sababu anakaa Mafia, awe analima minazi, anavua au hana kazi yoyote. Mwezi Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaamua kwamba nchi nzima iwe imejua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Mwaka 1973 likatoka agizo la Waziri Mkuu kwamba sehemu za kazi nazo ziwe na madarasa kwa wafanyakazi wake.

Kuanzia hapo, kila mtu mzima asiyejua kusoma alistahili. Na palipo na kustahili kwa kila mtu, haichukui muda kabla kustahili hakujageuka kuwa kulazimika. Viongozi wa wilaya walikuwa na lengo la kufikia na tarehe ya mwisho, na baadhi yao waliweka sheria ndogo za kuwabana watoro wa kisomo. Naona uzito wa pande zote mbili. Mwanamke aliyekatazwa na mumewe kwenda darasani alipata kinga katika amri hiyo, kwani sasa mume hakuweza kusema ni utundu wa mke wake. Lakini mzee wa miaka sabini aliyetaka kuachwa apumzike naye aliandikwa.

Walimu walitoka wapi? Walimu wa shule za msingi walimaliza watoto mchana, wakaanza na wazazi alasiri. Hawakutosha hata kidogo. Wengi wa waliofundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na wananchi wengine waliojua kusoma, kwa posho ambayo haikufika kununua viatu, na mara nyingi ilichelewa. Kijana wa miaka kumi na saba alimfundisha mama yake mkubwa. Anayejua adabu za vijijini kwetu atakisia ugumu wake: unamwambiaje mama mkubwa kwamba amekosea?

Sasa tufike kwenye mtihani wenyewe, mahali ambapo mstari ulichorwa kwa rula. Waliotahiniwa waligawanywa katika hatua nne. Hatua ya kwanza haikudai kujua chochote: ilikuwa ya yule aliyejiandikisha na kuhudhuria angalau theluthi mbili za masomo. Hatua ya pili ilikuwa ya mtu anayetambua maneno na alama, anayeweza kuandika herufi za silabi nyepesi na namba, na kufanya hesabu za kichwa. Hatua ya tatu alifika anayeweza kusoma sentensi fupi rahisi, kuandika ujumbe mfupi, na kujumlisha na kutoa namba za tarakimu moja. Hatua ya nne ilikuwa ya mtu anayeweza kutumia kisomo maishani: kusoma gazeti kama Uhuru, kuandika barua, kufuata maelekezo ya kilimo au ya afya, na kuweka hesabu zake za mapato na matumizi.

Aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma. Watu wapatao milioni 1.4 walifika hatua ya tatu na ya nne katika mtihani wa 1975, yaani kama asilimia 37 ya waliotahiniwa. Mstari ungeweza kuchorwa mahali pengine. Ungewekwa kwenye hatua ya nne, wengi wa hao wangebaki upande wa wasiojua, na tangazo lingekuwa tofauti. Ungewekwa kwenye hatua ya pili, ushindi ungekuwa mkubwa mno. Hatua ya tatu ilikuwa makubaliano kati ya ukweli na siasa, na kwa maoni yangu hayakuwa makubaliano ya aibu. Lakini hebu mrudie mkulima wetu wa pamba. Kujumlisha tarakimu moja hakumsaidii mbele ya mizani. Gunia lina kilo nyingi, bei ina shilingi na senti, na karani ana haraka. Hesabu aliyoihitaji ilikuwa ya hatua ya nne, na alipofika ya tatu aliambiwa amehitimu.

Hapa nimlete bibi yangu, ambaye sisi nyumbani tunamwita jjajja. Alisoma miaka miwili katika shule ya misheni, kisha ada ikapelekwa kwa kaka zake. Alibaki na uwezo wa kuandika jina lake na kusoma polepole namba za nyimbo kanisani. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 darasa la watu wazima lilifunguliwa karibu na kwao, kwa msaada wa shirika fulani. Kila aliyetaka kuandikishwa alipewa kadi yenye maneno matatu. Jjajja akayasoma, kwa fahari nadhani, na mwandikishaji akamwambia darasa ni la wasiojua kabisa. Akarudi nyumbani. Alichokitaka yeye hakikuwa kusoma maneno matatu. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, na daftari la kikundi lilikuwa na safu za akiba, mkopo, riba na faini ambazo yeye hakuweza kuzifuatilia, na mweka hazina alikuwa mtu asiyeaminika sana. Wiki mbili baadaye alikwenda kwenye darasa la parokia ya jirani. Walipompa kadi aliishika juu chini, akaitazama, akatikisa kichwa. Wakamwandika. Alisoma pale mwaka mzima, na husimulia kisa hiki kwa kicheko kuliko visa vyake vyote.

Mwandikishaji wa kwanza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu, na fomu iliuliza kama mtu anajua kusoma: ndiyo au hapana. Haikuwa na mahali pa kuandika "kidogo". Wapo wengi sana walio katika "kidogo". Ni watu walioacha shule darasa la pili au la tatu, waliosahau, waliosoma kwa lugha moja na wanaishi kwa lugha nyingine. Tanzania ya 1975 iliwazidi majirani wengi katika jambo hili, kwa kuwa hatua zake nne angalau zilikubali kwamba kati ya kutojua na kujua kuna njia ndefu.

Lugha nayo ilikuwa sharti, ingawa haikuandikwa katika fomu yoyote. Vitabu vya kisomo Tanzania vilikuwa vya Kiswahili. Mtu wa Mafia alijifunza herufi za maneno anayoyasema tangu utotoni. Mama wa Kisukuma katika kijiji cha ndani cha Shinyanga, aliyezungumza Kisukuma nyumbani, sokoni na kisimani, alibeba mizigo miwili: herufi na lugha. Katika mtihani walipewa karatasi ya aina moja. Nikisema hivi wenzangu wa Dar es Salaam hunijibu kwamba Kiswahili ndicho kilichoiunganisha nchi, na wana haki, kwa kuwa mama yule alipojua kusoma aliweza kulisoma gazeti lolote na tangazo lolote kutoka Bukoba hadi Mtwara. Uganda tulichukua njia nyingine. Vitabu vyetu vya watu wazima vilitungwa kwa lugha za wenyeji, kwa hiyo mwanafunzi alianza haraka, lakini alipomaliza kitabu alikuwa na machache mno ya kusoma kwa lugha hiyo, na risiti, fomu za benki na maelezo ya dawa yote yalikuwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana wanafunzi watu wazima wa Uganda huomba Kiingereza karibu katika kila darasa. Na msemaji wa lugha ambayo haikutungiwa kitabu alisoma kwa lugha ya jirani au hakusoma.

Nirudi Tanzania, kwenye yaliyowapata waliohitimu. Serikali ilijua kwamba msomaji mpya husahau akikosa cha kusoma. Kikaanzishwa kisomo cha kujiendeleza kwa waliovuka hatua ya nne, zikawekwa maktaba vijijini, na magazeti ya vijijini yakachapwa; la kanda ya ziwa lilianza mwaka 1974 kwa jina la Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, na hatimaye vikazidi 50. Katika vyuo hivyo kustahili kulikuwa na maana mpya tena: kijiji ndicho kilichomchagua mwanafunzi wake, akasomee useremala, ushonaji au kilimo, kisha arudi. Na kabla ya yote hayo ilikuwapo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, na viongozi wa vikundi takriban 75,000. Naitaja kwa sababu haikumtahini mtu mlangoni. Aliyejua kusoma alikisoma kitabu kwa sauti, wengine wakasikiliza redio na kujadili, kisha wote wakachimba choo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya historia hii iliyostahili kuigwa zaidi, na ndiyo iliyoigwa kidogo.

Lakini fedha hazikukaa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua watoto wote waingie shule ya msingi mapema kuliko ilivyopangwa, na mwaka 1977 mpango huo ukatekelezwa. Madarasa yale yale, walimu wale wale na karatasi ile ile ilibidi viwatoshe watoto kwanza. Baada ya hapo zikaja bei za mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo nchi yangu chini ya Idi Amin ndiyo iliyovianzisha, na ugumu wa uchumi wa miaka ya 1980. Karatasi ikawa adimu hata kwa magazeti ya mjini, sembuse ya vijijini. Asilimia ya wasiojua kusoma iliendelea kushuka katika taarifa za serikali: 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, na 9.6 mwaka 1986. Nambari hiyo ya mwisho ilikuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa barani Afrika, na matokeo yake kwa bajeti ni rahisi kuyakisia. Ukiisha kutangaza kwamba watu tisa kati ya kumi wanajua kusoma, ni waziri gani atakupa fedha za chaki? Aliyehitimu hatua ya tatu mwaka 1975 na kusahau mwaka 1985 hakuwa na mahali pa kurudi, kwa sababu katika daftari alikuwa amekwisha kufutwa upande wa wasiojua.

Upande wetu wa mpaka mambo yalikatika kabla hayajafika huko. Uganda ilianza kampeni yake mwaka 1964, na ikazimika katika miaka ya Amin. Mpango mpya, wa kisomo chenye manufaa, ulianza kama majaribio mwaka 1992 katika wilaya nane, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, chini ya wizara inayoshughulika na jinsia na maendeleo ya jamii, nje ya Wizara ya Elimu. Walimu wake kwa sehemu kubwa wamekuwa wa kujitolea. Ilipofika mwaka 1997 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila ada, na mwanzoni ilikuwa kwa watoto wanne tu wa kila familia. Wanne! Kila nyumba yenye watoto sita ilifanya mkutano wake wa siri kuamua ni nani anayestahili. Sharti hilo liliondolewa baadaye, lakini baadhi ya walioachwa wakati ule ndio wanaoonekana leo katika madarasa ya watu wazima.

Kenya ilitupa kisa kinachojulikana zaidi. Januari 2003 ada za shule ya msingi zilifutwa, na Januari 2004 mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyesema ana miaka 84, alifika katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akaomba darasa la kwanza. Alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe, na kujua hesabu ili asidhulumiwe fedha za fidia alizotarajia kama mpigania uhuru. Kenya ilikuwa na madarasa ya watu wazima tangu miaka mingi, na mzee angeweza kuelekezwa huko. Yeye aliuliza swali la moja kwa moja: tangazo limesema bure kwa wote, je, mimi simo? Baada ya mabishano akaandikishwa, akashonewa kaptura. Mwaka 2005 alihutubia Umoja wa Mataifa, New York, juu ya elimu ya bure. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimhamisha kutoka kwake, na alifariki mwaka 2009 bila kumaliza shule ya msingi. Magazeti ya dunia yalimwona kama kichekesho kitamu. Mimi namwona karibu na mkulima wa pamba wa Usukuma: alikuwa na hesabu mahususi ya kupiga.

Kenya hiyo hiyo, mwaka 2006, ilifanya jambo ambalo lilihitajika kufanywa kote. Ilikwenda majumbani kuwapima watu wa miaka 15 na zaidi kusoma na kuhesabu, badala ya kuwauliza tu kama wanajua. Ikapata kwamba asilimia 38.5, yaani watu wapatao milioni 7.8, walikuwa chini ya kiwango.

Tanzania ya sasa imeigawa milango kwa umri. Mpango wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999, ni wa watoto na vijana waliokosa shule: kundi la miaka 11 hadi 13, ambao hutarajiwa kuingizwa katika shule ya kawaida, na kundi la miaka 14 hadi 18. Aliyefikisha 19 huhesabiwa mtu mzima na kupelekwa MUKEJA. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hakujua kusoma na kuandika. Miongoni mwao wamo waliozaliwa baada ya 1986, waliopitwa na shule wakati nchi ikiamini kazi imekwisha, na bila shaka wamo wazee ambao mwezi Agosti 1975 waliandika ujumbe wao mfupi, wakajumlisha tarakimu zao mbili, na kuambiwa kwamba wamehitimu.